Kiyoyozi Kilichobaki na Namba Nne

Harufu ilianza mwezi wa pili, wakati ambapo hapa Durban shati linaloa mgongoni kabla hujamaliza kufunga vifungo. Ilikuwa harufu ya samaki. Mama ndiye aliyeisikia kwanza, siku moja akirudi na gari kutoka hospitali, akasema ni ndagala za Shangazi, wale dagaa wakavu wa kwetu. Sote tukakubali. Katika nyumba yetu harufu ya ndagala haihitaji maelezo. Shangazi huletewa kifurushi na watu wanaotoka kwetu Uvira, hukifunga ndani ya mifuko mitatu, na bado majirani mpaka ghorofa ya tatu hujua kimefika.

Mimi ni mtu wa kufikiria sana. Nikisikia mlango umefungwa kwa nguvu, nawaza bawaba, kisha upepo, kisha mwizi. Lakini harufu ile niliipa sababu siku ileile na kuiacha ipite.

Gari lilikuwa la Baba. Alifariki miaka mitatu iliyopita, kwa sukari, akatuachia sedani nyeupe kuukuu, ya zile ambazo kasi ya feni unaichagua kwa kusogeza kijiti kwenye dashibodi: sifuri, moja, mbili, tatu, nne. Mama akajifunza kuliendesha. Mwaka jana, kwenye robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, ile iliyo chini ya barabara yetu hapa Sydenham, taa ikiwa ya kijani upande wake, pikapu ilikatiza na kutupiga mlango wa nyuma wa kulia. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amekaa hapohapo. Paja lake likavunjika mahali pawili. Madaktari wakatia chuma, na tangu siku hiyo kila Jumanne Mama humpeleka hospitali kufanyishwa mazoezi ya mguu.

Ule mlango wa kulia ulinyooshwa kwa nyundo, ukapakwa rangi, lakini haukufunguka tena, na kioo chake hakikushuka tena. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa na ugonjwa wake wa zamani: kishikio cha ndani kilivunjika Baba akiwa hai, kwa hiyo hufunguliwa na mtu aliyesimama nje. Shangazi huingizwa kwa mlango huo, anavutwa taratibu, anaegemea ule mlango uliokufa, na mguu wake anaunyoosha juu ya kiti. Nilikuwa nikimwangalia akikaa hivyo na kuhesabu milango. Likitokea jambo lolote ndani ya gari lile, hana njia ya kutoka mwenyewe.

Vioo lazima vifungwe. Kwenye robot zetu mkono huingia dirishani na kutoka na pochi kabla taa haijabadilika. Mama huweka simu yake ndani ya soksi, na soksi chini ya zulia la dereva. Ukifunga vioo katika joto lile, kiyoyozi si starehe.

Mimi nimesoma umeme, miaka minne, hapahapa Durban. Cheti changu kimo ndani ya bahasha ya plastiki chini ya godoro la Mama, kwa sababu naogopa mvua, wezi na moto. Nilichosoma ni umeme wa vituo vikubwa, nguzo na transfoma, na kazi nilikuwa bado sijapata. Lakini kwa Shangazi umeme ni umeme.

"Injinia," aliniambia namba moja ya feni ilipokufa, "kale kafeni ndiko kanakushinda? Hao walimu wako walikuwa wanakufundisha nini, kuimba?"

Baada ya wiki mbili namba mbili ikafa. Kisha namba tatu. Ikabaki namba nne tu, inayovuma kama kinu cha kusaga.

Mama hakucheka. Mama alikuwa na maelezo yake. Baada ya ajali alianza kufunga kila Ijumaa pamoja na wanawake wenzake wa maombi, na jioni, jua likiwa bado liko, alirudi na jagi la maji ya chumvi yaliyoombewa akalimwaga juu ya kioo cha mbele cha gari. Kioo cha mbele, alisema, ndilo jicho la gari, na jicho hilo halikuiona pikapu. Maji yalitiririka kiooni, yakaingia kwenye vile vitundu vilivyo chini ya wepa za kufutia mvua, yakapotea. Kuna siku walimaliza maombi wakiwa wamechoka, wakamruhusu achanganye nyumbani. Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa nikikoroga. Viganja viwili vya chumvi kwa jagi moja, mpaka chembe za chini ziishe. Nilishika jagi, yeye akaomba, nikamwaga pale mkono wake ulipoonyesha.

Namba za feni zilipoanza kufa, Mama aliona gari bado linafuatwa na kitu. Jagi moja likawa mawili.

Jumatatu moja mwezi wa tatu alinijia na mita ya kupimia ambayo nilinunua chuoni na sikuwahi kuitumia nje ya maabara.

"Angalia hiyo klima," akasema, maana kiyoyozi yeye hukiita hivyo. "Kesho ni siku ya daktari mkubwa, yule wa kuangalia chuma. Sitaki Shangazi yako azimie njiani."

Nilitoa droo ya mbele ya abiria, nikalala chali, kichwa chini ya dashibodi na miguu nje ya gari. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwetu, ghorofa ya chini, akinisimamia kama mtu anayelipa. Feni iko pale, nyuma ya droo. Niligundua upesi kwamba rezista imekufa. Ni kipande kidogo kinachopunguza kasi ya feni. Namba moja, mbili na tatu hupitia kwake. Namba nne haikihitaji. Nikafurahi. Lilikuwa jambo la kitabuni kabisa.

Halafu nikachomoa plagi ya feni yenyewe, ile inayoleta umeme wote. Kwa taa ya simu niliona doa la kahawia kwenye mdomo wake, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nikaingiza ncha za mita. Volti kumi na mbili na kidogo. Nikaangalia fyuzi. Nzima, inang'aa. Nikarudisha plagi mahali pake, nikabaki nimelala pale, nikilitazama lile doa.

"Iko aje?" Mama akauliza.

"Rezista imekufa. Namba nne yenyewe inafanya kazi."

"Basi iko sawa."

Nikainua kichwa kidogo kumtazama, kisha nikalirudia doa.

"Ameanza," Shangazi akasema. "Wifi, mwangalie uso. Kesho hatuendi tena. Kesho gari litakuwa na jini."

"Sijasema kitu, Shangazi."

"Uso umesema. Mwezi wa kwanza ulituambia chuma kimekatika chini ya gari, tukalala nyumbani, nikakosa zamu yangu. Na ilikuwa nini? Sema mwenyewe ilikuwa nini."

"Chupa."

"Chupa ya nini?"

"Ya mawese."

"Chupa ya mawese inajiviringisha kwenye buti! Injinia mzima!" Alipiga paja lake zima kwa kicheko. Mama naye akacheka, na sikuwa nimemsikia Mama akicheka kwa muda mrefu.

Nilitoka chini ya dashibodi nikijipangusa vumbi. Nilijiambia kwamba doa ni la zamani. Nilijiambia mita haisemi uongo. Nilijiambia kwamba mtu anayeogopa kila kitu lazima ajifunze kuchagua.

"Iko salama," nikasema. "Tumieni namba nne. Jumamosi nitatafuta rezista Jacobs, kwa wauza vipuri vya zamani."

"Sharp," akasema Shangazi, yaani sawa, neno ambalo alilipata kwa wauguzi na alilitumia kwa kila kitu.

Asubuhi ya Jumanne wakaondoka. Mama aliniachia agizo nipike mchana, nichukue ndagala kidogo kwenye kopo la Shangazi, kwani yeye hazimalizi kamwe. Nilibaki mezani nikiandika barua ya kuomba kazi, ya arobaini na kitu, na kama saa nne hivi nikaenda kutafuta lile kopo. Lilikuwa chini ya kitanda cha Shangazi, limefungwa vizuri. Nikalifungua.

Ndani yake mlikuwa na vifungo, sindano, na rili mbili za uzi. Kopo lilikuwa limeoshwa kwa sabuni. Halikuwa na harufu yoyote. Mtu haweki uzi wake ndani ya kopo lililotoka ndagala jana. Ndagala zilikuwa zimekwisha wiki nyingi, labda tangu Krismasi.

Nilikaa sakafuni na kifuniko mkononi.

Mwalimu wetu wa maabara, mzee mmoja aliyependa kutuogopesha, alitwambia mwaka wa kwanza kwamba plastiki za umeme zikipata joto kupita kiasi hunuka samaki. Ukisikia samaki karibu na swichi, alisema, usitafute samaki. Tuliandika. Mtihani haukuliuliza, nami nikalisahau.

Na lile la pili likaja palepale, kama lilikuwa limesubiri zamu yake. Nilipima ile plagi nikiwa nimeichomoa. Nilipima waya ambao haukuwa ukifanya kazi. Waya mgonjwa ukiwa umepumzika huonyesha volti zake zote. Ni sawa na kumuuliza Shangazi akiwa kitini kama mguu unauma. Atasema hauumi. Msimamishe ndipo utajua. Ningeacha feni ivume kwenye namba nne, nikaweka ncha moja kabla ya plagi na nyingine baada yake, ningeona volti ngapi zinapotelea mle ndani. Umeme unaopotea haupotei, unageuka joto. Na fyuzi haikati, kwa sababu fyuzi hukata umeme ukizidi, na hapa haujazidi. Unapita kiasi chake kilekile, kwa shida, mahali pamoja penye doa la kahawia, na pale unapika. Namba nne ndiyo inayovuta umeme mwingi kuliko zote. Na ni mimi niliyewaambia waitumie.

Nilipiga simu ya Mama. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, nikiona kabisa ile soksi chini ya zulia, ikitetemeka, na feni ikivuma juu yake. Nikapiga mara sita. Shangazi hana simu.

Nikapiga hesabu. Walikuwa wamekwenda kabla jua halijawa kali, na Mama asubuhi huwasha kiyoyozi kwa dakika chache tu. Kurudi ndiko kwenye hatari, saa sita, jua likiwa juu ya paa. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Hospitali iko upande wa Overport, ni kupanda kilima. Ningeweza kusubiri taxi barabarani, lakini nikafikiria nikisimama nayo isije, kisha nikafikiria nikikimbia nayo ipite nikiwa katikati ya vituo, na wakati nafikiria hayo nilikuwa tayari nimefika kwenye robot ile, ndala miguuni, nakimbia.

Sikumbuki sana njia. Nakumbuka nikitazama kila gari jeupe lililoshuka. Nakumbuka pia kwamba mbele, juu ya majengo, kulikuwa na moshi mweusi mwembamba, na niliuangalia barabara nzima mpaka nilipoona unatoka kwenye bomba la jengo la kufulia.

Gari lilikuwa kwenye maegesho ya hospitali, chini ya jua, injini inawaka.

Mama ana desturi ambayo nilikuwa nimeisahau. Mazoezi ya Shangazi yakiisha mapema, humrudisha garini, huwasha injini na kiyoyozi ili apoe, huacha ufunguo mmoja palepale kwenye swichi, hufunga milango yote kwa ufunguo wa akiba, kisha hurudi ndani kupanga foleni ya dawa. Foleni hiyo haina haraka. Nilichungulia. Shangazi alikuwa amelala, kichwa kwenye ule mlango uliokufa, mdomo wazi kidogo, mguu juu ya kiti, mkongojo kifuani kama mtoto mchanga. Nilisikia feni kupitia kioo. Namba nne.

Na harufu. Ilitoka mpaka nje.

Nilivuta mlango wa nyuma wa kushoto. Umefungwa. Wa mbele, umefungwa. Niligonga kioo kwa ngumi na Shangazi hakuamka, kwa sababu dawa anazopewa kabla ya mazoezi humlaza. Pembeni mwa ua kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka maua. Nikachukua moja.

"Ee, dada! Dada! Weka hilo jiwe chini."

Alikuwa mlinzi wa maegesho, mwanamume wa makamo mwenye kizibao cha njano, na lafudhi yake ilikuwa ya kwetu. Wengi wa walinzi hawa ni watu wetu.

"Kuna mtu ndani," nikasema.

"Najua kuko mtu ndani. Mama mwenye gari ameniachia nimwangalie. Iko analala. Wewe ni nani?"

"Ni shangazi yangu."

"Kila mtu hapa iko na shangazi." Alisimama kati yangu na gari. "Jana tu mmoja alikuja hapa, naye alisema ni gari ya shangazi yake. Weka jiwe."

"Husikii harufu?"

Akanusa. Uso wake ukalainika. "Samaki," akasema. "Bamama wa kwetu, unawajua."

"Si samaki! Angalia pale!"

Kwenye matundu ya hewa ya upande wa abiria kulikuwa na uzi mweupe unaopanda. Ulikuwa mwembamba sana, na feni iliupuliza ukakatika, kisha ukarudi, na ukarudi ukiwa mnene zaidi.

"Eish," akasema mlinzi.

"Mama yangu yuko kwenye dirisha la dawa. Kitambaa cha bluu. Yeye ndiye mwenye ufunguo."

Aliondoka mbio huku kizibao kikipepea. Nikabaki na jiwe.

Hapa sitajipamba. Niliinua lile jiwe mara tatu. Mara ya kwanza nikafikiria kwamba nikivunja kioo hewa itaingia na moto utapata nguvu. Mara ya pili nikafikiria vipande vya kioo na uso wa Shangazi. Mara ya tatu nikafikiria kwamba nikivunja cha mbele vipande havitamfikia, na kwamba pini ya kufuli ya mlango naweza kuivuta nikiingiza mkono, na nilikuwa bado napima ni kioo gani, mkono umeinuka, moshi ukiwa umefika kwenye dari ya gari, wakati Shangazi alipokohoa na kufumbua macho.

Aliniona. Akatabasamu. Akanipungia.

"Zima feni!" nikapiga kelele.

Akaweka kiganja sikioni. Kwa ule mvumo hakuwa akinisikia. Midomo yake ikasema, umeleta nini?

Nikaelekeza kidole. Akageuka, akauona moshi, na nikauona uso wake ukibadilika. Ni uso uleule alioufanya siku ya pikapu. Alijaribu kujivuta kuelekea mlango wa kushoto. Mguu haukumfuata. Akajaribu tena, akaumia, akaacha. Akanitazama kupitia kioo, akisubiri mimi nifanye kitu. Mimi mwenye jiwe.

Nikaonyesha kwa mkono: sogeza kijiti, sogeza kushoto. Nikaonyesha dashibodi. Shangazi akaushika mkongojo kwa mikono miwili, akaupitisha katikati ya viti vya mbele kama mtu anayechokoa embe, na ile ncha ya mpira ikatafuta. Ikagusa kijiti cha juu, kile cha baridi na joto, akakisukuma, hakikubadilisha kitu. Ikateleza. Ikagusa redio. Kisha ikagusa kijiti cha feni, akakisukuma kwa nguvu zote, tatu, mbili, moja, sifuri.

Mvumo ukakatika. Kukawa kimya kiasi kwamba nilisikia pumzi zangu. Moshi ukaendelea kutoka kidogo, ukiwa mvivu, kisha ukakonda.

Mama alifika akikimbia na mfuko wa dawa mkononi na ufunguo umemtangulia. Tulimtoa Shangazi kwa makwapa, tukamkalisha kwenye ukingo wa ua. Alikohoa kwa muda mrefu. Mlinzi akamletea maji. Alipoweza kusema, alinitazama, na hakukuwa na mzaha.

"Injinia," akasema. "Ulisema iko salama."

"Ndiyo, Shangazi."

Nilichomoa fyuzi ya feni ili isiwake tena. Ilikuwa nzima. Tulirudi nyumbani vioo vikiwa chini, na kwenye kila robot Mama alishika usukani kama mtu anayening'inia kwenye ukuta.

Kesho yake nilikifungua kiyoyozi chote. Plagi ilikuwa imeyeyuka na kushikana na feni, ikabidi niikate kwa kisu. Sufi ya kuzuia kelele iliyo juu yake ilikuwa na tundu jeusi, ukubwa wa sarafu. Shaba ilikuwa imeliwa. Na kila mahali, kwenye nyaya, kwenye rezista, kwenye bati la juu, palikuwa na ukoko mweupe wenye rangi ya kijani pembeni. Nilidhani ni vumbi la plasta. Nikagusa kwa kidole, na sijui kwa nini, nikakipeleka kidole ulimini.

Chumvi.

Nilikaa na ladha ile mdomoni. Kisha nikachukua kikombe cha maji matupu, nikayamwaga kiooni pale tunapomwaga siku zote, nikainama haraka chini ya dashibodi. Nilihesabu mpaka tisa. Tone la kwanza likaanguka pale plagi ilipokuwa. Vitundu vya kutolea maji vilikuwa vimezibwa na majani makavu, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kwenda ila kwenye feni. Ijumaa baada ya Ijumaa. Na kadiri feni ilivyougua ndivyo tulivyoongeza dawa. Niliyekoroga ni mimi, nilikoroga vizuri, mpaka chembe za chini ziishe. Yote duniani nimeyahofia, na lile jagi sikulifikiria hata mara moja.

Siku mbili sikumwambia Mama. Tangu ajali alikuwa akilala vibaya. Kama ningemwambia, nilijua atasikia nini. Lakini Ijumaa ikafika, na jioni nikamwona anakuja uani na majagi mawili, akaniitia chumvi.

"Mama, usimwage hapo."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwenye rezista, nikarudi kwenye majani, nikamwonyesha plagi iliyoyeyuka. Aliichukua akaigeuza kiganjani.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mara ya kwanza ni mimi. Mara ya pili ni mimi."

"Mara ya kwanza ilikuwa pikapu, Mama. Na chumvi nilikoroga mimi."

"Niliomba Mungu amlinde. Na huku namtilia moto."

Shangazi, kwenye kiti chake cha plastiki, akagonga mkongojo chini.

"Wifi. Aliyekaa mle ndani ni nani? Mara zote mbili?"

"Ni wewe."

"Basi wa kukasirika ni mimi, na bado sijaanza. Nikianza utajua. Mwaga kwenye matairi. Matairi yamekosa nini wao?"

Mama akanitazama, kana kwamba anaomba ruhusa kwa mtu wa ofisi. Nikafikiria breki, nikafikiria chuma cha magurudumu na kutu. Nikasema mpira hauna shida, pole pole tu, kwa chini. Akalizunguka gari lote, tairi moja baada ya jingine, akiomba kwa sauti ndogo. Alipofika mbele alisimama, akaweka kiganja kikavu juu ya kioo, akakiacha pale.

Jumamosi nilikwenda Jacobs. Lakini kabla ya rezista na plagi mpya nilitengeneza kile kishikio cha mlango wa kushoto, na kwa kuwa Shangazi hakifikii, nikafunga kamba kwenye kishikio na nyingine kwenye pini, nikazipitisha mpaka pale anapoegemea. Kisha nikaunganisha feni, nikaiwasha namba nne, na nikapima ikiwa kazini. Nilipima mara kumi na moja.

Sasa kila Jumanne kabla hawajaondoka namfungia Shangazi ndani, na lazima avute kamba mbili na afungue mlango mwenyewe, mbele ya macho yangu.

"Nimefungua. Umeridhika?"

"Tena, Shangazi."

"Mungu wangu. Mume gani atamvumilia huyu."

Lakini anavuta tena.

Mwezi uliopita kifurushi kipya cha ndagala kilifika, na Shangazi akapima bakuli moja kubwa kwa ajili ya yule mlinzi wa maegesho. Akalifunga mifuko mitatu, akaliweka mapajani, tayari kwa safari. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gari. Harufu ilikuwa imejaa mle ndani tayari. Niliinusa, nikainusa tena, na nikajua kwamba sitaweza kuitofautisha na ile ya plagi inayoungua, na Mama hataweza.

"Shangazi, hizo hazipandi humu."

Nilisubiri kicheko na chupa ya mawese. Alinitazama kidogo, akaliangalia tundu la hewa upande wa abiria, kisha akanipa kifurushi kwa mikono miwili.

Nilikipeleka kwa miguu. Walinipita nikiwa kwenye robot, vioo vimefungwa, na nyuma niliona mkongojo umeinuliwa, unanisalimia. Nililifuata gari kwa macho mpaka likapinda kilimani, kisha nikaendelea kupanda, na samaki mkononi.